Kutoka Harran hadi Ngomeni: Historia ya Watu Walioisoma Mbingu

Mwaka 671 KK, mtu aitwaye Damqi aliketishwa kwenye kiti cha enzi cha dola kubwa kuliko zote za wakati ule. Hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mtoto wa msimamizi wa hekalu katika mji wa Akkad. Alivikwa mavazi ya mfalme, akapewa mwanamke wa kukaa kando yake kama malkia, kisha akatwishwa ishara zote mbaya zilizokuwa zimeonekana mbinguni. Mfalme halisi, Esarhaddon wa Ashuru, alikuwa amejitenga, na katika siku kama hizo hata barua alizopelekewa hazikumwita mfalme bali mkulima. Mwezi ulikuwa umepatwa. Wataalamu wa mbingu walikuwa wameamua kwamba kupatwa kule kunatangaza kifo cha mfalme, kwa hiyo ikabidi apatikane mfalme wa kufa. Siku zilipotimia, Damqi na malkia wake waliuawa, wakaombolezwa na kuzikwa kwa heshima zote, naye Esarhaddon akarudi kitini pake.

Habari hizi zimetufikia kwa sababu Mar-Issar, mjumbe wa mfalme huko Babeli, alimwandikia bwana wake taarifa kwenye kibao cha udongo. Kibao hicho kilikuwa miongoni mwa maelfu yaliyofukuliwa katika magofu ya Ninawi, katika Iraki ya leo, tangu katikati ya karne ya 19. Vibao hivyo vinaonyesha watu walioamini kwamba mbingu ni maandishi ya miungu, na kwamba asiyejua kuyasoma anaweza kuangamia.

Usomaji wenyewe ulikuwa na kitabu chake. Mkusanyo uliojulikana kwa maneno yake ya kwanza, Enuma Anu Enlil, ulijaza vibao vipatavyo 70 na kuorodhesha maelfu ya ishara: mwezi ukionekana hivi, kutatokea hiki, Zuhura ikichomoza siku fulani, kutatokea kile. Kupatwa kwa mwezi kuligawanywa kwa mwezi wa mwaka, kwa zamu ya usiku, na kwa upande wa mwezi ulioanza kuwa mweusi. Hata njia ya kunusurika iliandikwa humo: sayari ya Mshtarii ikionekana wakati mwezi unapatwa, mfalme hatadhurika.

Hofu iliyozaa hesabu

Ni rahisi kuwadharau watu hawa. Walimwua mtu asiye na hatia kwa sababu kivuli cha dunia kilipita juu ya mwezi. Lakini hofu ile ile iliwalazimisha kufanya jambo ambalo halikuwa limefanywa na taifa lolote: kuangalia anga kila usiku, kizazi baada ya kizazi, na kuandika walichokiona. Shajara za Babeli zilizosalia zinaanzia mwaka 652 KK na kufika mwaka 61 KK, karibu miaka 600 ya kazi isiyokatika. Waandishi wa hekalu waliweka humo mahali pa mwezi na sayari, hali ya hewa, kina cha mto Furati, bei ya shayiri, tende, ufuta na sufu. Habari za walimwengu nazo ziliingia. Kibao cha Juni 323 KK kinaeleza kwamba mfalme amekufa, na papo hapo kinaongeza kwamba anga lilikuwa na mawingu. Mfalme huyo alikuwa Aleksanda wa Makedonia.

Katika rundo hilo la taarifa, waandishi waligundua kwamba mbingu zina mpango. Kupatwa kwa mwezi hurudia mfululizo wake baada ya miezi miandamo 223, yaani miaka 18 na siku 11 hivi. Miezi 235 inalingana karibu kabisa na miaka 19 ya jua. Walikata njia ya jua katika sehemu 12, na desturi yao ya kuhesabu kwa sitini ndiyo iliyotupatia dakika 60 za saa na nyuzi 360 za duara. Kufikia karne za mwisho KK waliweza kukokotoa kupatwa kwa mwezi kabla hakujatokea.

Hapo pakazuka swali ambalo halijawahi kuwaacha wanadamu. Ikiwa tukio linaweza kujulikana kwa hesabu miaka kadhaa kabla, je, bado ni ujumbe? Na kama si ujumbe kwa mfalme fulani kuhusu siku fulani, basi utaratibu wote huu ni wa nani, na unamwambia nini mtu wa kawaida anayeuangalia akiwa shambani kwake?

Mji wa mwezi

Katika uwanda ambao sasa uko kusini mwa Uturuki, karibu na mpaka wa Syria, kuna magofu ya mji wa Harran. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili mji huo ulimwabudu Sin, mungu wa mwezi. Hekalu lake liliitwa Ehulhul. Mfalme wa mwisho wa Babeli, Nabonidus, aliyetawala kuanzia 556 hadi 539 KK, alilijenga upya baada ya kubomolewa vitani, na mama yake Adad-guppi aliacha maandishi ya jiwe akijisifu kwamba alimtumikia Sin katika maisha yake marefu yaliyopita miaka mia moja.

Torati inamtaja Abrahamu akitoka Uru, akakaa Harran, kisha akaenda Kanaani. Uru na Harran zote mbili zilikuwa ngome za ibada ya mwezi. Qur'ani haitaji mji, lakini katika sura ya Al-An'am inasimulia jinsi Nabii Ibrahimu alivyoitazama nyota usiku, ikatua. Akautazama mwezi, nao ukatua. Akalitazama jua, nalo likatua. Kila kimoja alikiacha kwa sababu hiyo hiyo ya kutua, akauelekeza uso wake kwa Aliyeziumba mbingu na ardhi. Kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, mtu huyu ni baba wa imani. Masimulizi yao yanamtoa kati ya watu walioangalia juu kila usiku, na katika simulizi ya Qur'ani anaanza kwa kufanya walichofanya wao: anatazama, anangoja, anapima kinachodumu na kisichodumu.

Mwaka 1956 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mawe yaliyochongwa maandishi ya Nabonidus kwenye milango ya Msikiti Mkuu wa Harran. Yalikuwa yamelazwa kama sakafu, uso wa mfalme na alama ya mwezi vikiwa vimeelekea chini. Waumini wa karne nyingi walikuwa wamepita juu yake wakienda kuswali.

Hata hivyo ujuzi wa Harran haukuzikwa pamoja na mawe. Kwa miaka mingi chini ya utawala wa Kiislamu, baadhi ya wenyeji waliendelea kuheshimu sayari na kujiita Wasabii. Kati yao alitoka Thabit ibn Qurra, aliyekuwa mbadilisha fedha kabla ya kuchukuliwa Baghdad, ambako alitafsiri na kusahihisha vitabu vya Euclid, Archimedes na Ptolemy hadi alipofariki mwaka 901. Kutoka asili hiyo hiyo ya Harran alitoka al-Battani, Mwislamu, aliyeangalia anga mjini Raqqa kwa takriban miaka 40. Alipata kwamba mwaka wa jua una siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Kipimo cha leo kinapita chake kwa dakika mbili na sekunde ishirini na kitu. Hakuwa na darubini wala saa ya mashine. Alikuwa na macho, vyombo vya shaba na subira. Mpoland Nicolaus Copernicus, alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1543, alimtaja al-Battani mara nyingi kama shahidi wa kuaminika.

Swali jipya: niko wapi?

Uislamu ulileta mahitaji mapya. Mwumini alitakiwa kujua mwezi umeandama lini ili afunge na afungue. Alitakiwa kujua alasiri inaingia kivuli kikiwa na urefu gani, na alfajiri inaanza weupe gani ukionekana mashariki. Zaidi ya yote, alitakiwa kujua Makka iko upande gani, awe Andalusia au kwenye mipaka ya India. Mbingu hazikuwa tena barua ya vitisho kwa mfalme. Zilikuwa msaada kwa fundi, mkulima na mama wa nyumbani, kila mmoja akitaka kujua mahali pake na wakati wake mbele ya Mungu.

Hakuna aliyelibeba swali hilo kwa uzito kuliko Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, katika Uzbekistan ya leo. Mwaka 997, akiwa kijana wa miaka 23, alipatana na mwanazuoni Abu al-Wafa wa Baghdad wauangalie mwezi ukipatwa usiku mmoja, kila mtu mjini kwake. Tukio lilikuwa moja kwa wote wawili, lakini saa za miji zilitofautiana. Tofauti hiyo iliwapa umbali wa miji yao kutoka mashariki hadi magharibi. Kupatwa kulikomgharimu Damqi uhai wake sasa kulikuwa kipimo cha dunia.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm na kumchukua al-Biruni pamoja na wanazuoni wengine. Uhamishoni, mwaka 1025, alimaliza kitabu kizima kuhusu namna ya kujua mahali pa miji, na lengo kuu alilolipigania ndani yake lilikuwa qibla sahihi ya Ghazna. Hakuridhika na kukisia. Alipima, akahesabu kwa njia kadhaa tofauti, akalinganisha majibu. Kwenye ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, alipanda mlima uliokabili uwanda mpana, akapima kimo chake, kisha akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini ya mstari wa mlalo. Kwa kimo hicho na pembe hiyo ndogo alikokotoa ukubwa wa dunia, na jibu lake lilikaribia sana ukweli.

Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akawauliza Wahindi wanavyoamini kuhusu mbingu, akayaandika maelezo yao kwa uadilifu ambao hata leo unastahili kuigwa. Alitofautisha waziwazi hesabu za nyota na utabiri wa nyota, ingawa watawala walimtaka ajue vyote viwili.

Miaka 300 baadaye, Dimashki, kazi hii ilikuwa na ofisi yake. Misikiti mikubwa iliajiri mtunza nyakati, mtu aliyelipwa ili ajue jua na nyota ziko wapi. Katika Msikiti wa Umayyad mtu huyo alikuwa Ibn al-Shatir, aliyezaliwa mnamo 1304. Alikuwa yatima, na ndugu wa ukoo waliomlea walimfundisha ufundi wa kunakshi kwa pembe za ndovu. Mikono hiyo ya fundi ilitengeneza mwaka 1371 saa ya jua kubwa ya marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti, iliyoonyesha nyakati za swala kwa mistari iliyochongwa kwa uangalifu wa ajabu. Pamoja na ufundi huo alishughulika na kosa lililowakera wanazuoni tangu enzi za Ptolemy: mifano ya kale ya mwendo wa sayari ilizifanya zizunguke kwa namna isiyopatana na kanuni za mwendo sawa wa duara. Akaunda mifano mipya. Mwaka 1957 wanahistoria walitangaza jambo lililowashtua wengi: mfano wa mwendo wa mwezi alioutumia Copernicus ni ule ule wa Ibn al-Shatir. Njia iliyoufikisha Ulaya bado inachunguzwa, lakini kufanana kwenyewe hakuna anayekupinga.

Pwani inayotazama kaskazini

Katika pwani ya Waswahili swali la qibla lilipata jibu jepesi kwa baraka ya jiografia. Unguja iko kwenye longitudo ya digrii 39.2 mashariki, Makka digrii 39.8. Tofauti haifiki hata digrii moja. Mwenye kuswali Unguja anaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Ndivyo ulivyo mwelekeo wa mihrabu ya Kizimkazi, ambayo maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 BK, na ndivyo ilivyo mihrabu mingine mingi ya pwani.

Mara mbili kila mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua hupita juu kabisa ya Kaaba. Kwa kuwa Makka na Afrika Mashariki zinatumia saa moja, mtu wa Tanga, Mombasa au Moroni anaweza kusimamisha kijiti wima saa sita na dakika 18 mchana mwezi Mei, au saa sita na dakika 27 mwezi Julai, akatazama kivuli. Kivuli kitaangukia kusini. Anayesimama kwenye ncha yake na kukitazama kijiti ameielekea Makka.

Wenyeji wa pwani hawakuishia kwenye swala. Kundi la nyota la Kilimia liliwaambia wakulima majira ya mvua na ya kiangazi. Manahodha walifuata nyota usiku na upepo wa kaskazi na kusi mchana. Ahmad ibn Majid, baharia bingwa wa Uarabuni katika karne ya 15, aliandika maelezo ya safari hadi Sofala, akieleza njia kwa vimo vya nyota vilivyopimwa kwa upana wa vidole. Na pamoja na mwaka wa Hijria unaofuata mwezi, pwani ilihifadhi mwaka wa jua wa Nairuzi wenye asili ya Uajemi: siku 365, zikihesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Mabaharia na wakulima waliuhitaji kwa sababu mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, hauambatani na mvua wala pepo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, kwa kibanda kinachochomwa moto na vijana wanaopigana kwa vigogo vya mgomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita. Mwaka mpya wa jua unaanza kwa kusameheana.

Nyotamkia ya 1577

Mwezi Novemba 1577 nyotamkia kubwa ilitokea magharibi, ikaonekana kote katika Ulaya na Mashariki ya Kati. Watu watatu walioitazama wanatosha kuonyesha ulimwengu ulivyokuwa umefikia njia panda.

Istanbul, mwanazuoni Taqi al-Din alikuwa ndiyo kwanza amepata kituo chake cha kuangalia nyota, kimojawapo kati ya vilivyokamilika zaidi duniani. Sultani Murad III alitaka kujua nyotamkia inamaanisha nini. Taqi al-Din alitabiri mema, hasa ushindi dhidi ya Uajemi. Tauni ikafuata, na watu wakubwa wakafariki. Mwaka 1580 kituo kilibomolewa kwa amri ya sultani. Mtu aliyeweza kupima mahali pa nyota kwa usahihi mkubwa aliangushwa na swali la zamani la Babeli.

Kwenye kisiwa cha Hven, kati ya Denmark na Sweden ya leo, Tycho Brahe aliipima nyotamkia ile ile na kukuta kwamba iko mbali zaidi kuliko mwezi. Wasomi wa Ulaya waliokuwa wakifuata Aristotle waliamini kwamba juu ya mwezi hakuna kinachobadilika. Kipimo cha Tycho kilitoboa imani hiyo.

Wa tatu alikuwa mtoto wa miaka mitano huko Leonberg, Ujerumani. Mama yake, Katharina, alimpeleka mahali pa juu ili aione. Mtoto huyo ni Johannes Kepler.

Kepler alikulia maskini, ndui ikamdhoofisha macho, akasomea theolojia Tübingen akitaka kuwa mchungaji wa Kilutheri. Badala yake akapelekwa Graz mwaka 1594 kufundisha hisabati. Aliumia, kisha akamwandikia mwalimu wake kwamba ameona Mungu anatukuzwa hata katika kazi ya nyota. Hilo halikuwa neno la kujifariji. Alilifuata maisha yake yote. Alipofanya kazi na taarifa za Tycho huko Prague, alijaribu kwa miaka kadhaa kuiweka sayari ya Mirihi kwenye duara. Hesabu yake bora ilitofautiana na macho ya Tycho kwa dakika nane tu za upinde, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Wengine wangesema yatosha. Kepler aliona kwamba kupuuza dakika hizo ni kukataa kazi ya Muumba ilivyo, akaitupa hesabu yake na kuanza upya. Mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi huzunguka jua kwa njia ya duaradufu. Dakika nane zilikuwa zimebomoa duara lililotawala fikra za watu kwa miaka elfu mbili.

Alipokuwa akikamilisha kitabu chake juu ya upatanifu wa ulimwengu, kilichotoka 1619, mama yake alikuwa akishtakiwa kwa uchawi. Mwaka 1620 mzee huyo alitiwa gerezani na kufungwa minyororo. Kepler aliacha kazi, akasafiri, akaandika utetezi wake hoja kwa hoja kwa uangalifu ule ule alioutumia kwa Mirihi. Katharina aliachiwa mwaka 1621 baada ya miezi 14, akafa miezi michache baadaye. Aliyemwonyesha mwanawe nyotamkia alinusurika kuuawa na watu waliokuwa bado wakitafuta mkono wa shetani katika kila jambo wasilolielewa, na kilichomwokoa ni akili ya mwanawe iliyodai ushahidi.

Padri na mwanzo wa ulimwengu

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana Vita Vikuu vya Kwanza, akapewa upadri mwaka 1923, na mwaka huo huo akaenda Cambridge kusoma kwa Arthur Eddington, Mkristo wa madhehebu ya Kwekeri aliyekuwa amesafiri hadi kisiwa cha Príncipe, Afrika Magharibi, kuangalia kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919. Picha za nyota alizopiga huko zilisaidia kuthibitisha nadharia ya Albert Einstein kwamba mwanga hupinda karibu na jua.

Mwaka 1927 Lemaître alichapisha hoja kwamba ulimwengu wenyewe unapanuka. Einstein, walipokutana Brussels, alisifu hisabati yake na kuikataa fizikia yake. Edwin Hubble alipotoa vipimo vyake mwaka 1929, upinzani ulianza kulegea. Mwaka 1931 Lemaître akaenda mbele zaidi: ukirudisha nyuma mpanuko huo, unafikia hali moja ya mwanzo iliyobana vyote, aliyoiita atomu ya asili.

Wanasayansi kadhaa walimshuku. Padri aliyegundua mwanzo wa ulimwengu, walidhani, ameleta Kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Kisha mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII, katika hotuba kwa Chuo cha Kipapa cha Sayansi, aliusifu ugunduzi wa mwanzo huo kama ushuhuda unaoelekeza kwa Muumba. Mtu angetazamia Lemaître afurahi. Alihuzunika. Kwake, nadharia yake ilikuwa hoja ya fizikia, inayoweza kusahihishwa kesho, na imani katika Muumba haikustahili kuning'inizwa juu ya kitu kinachoweza kusahihishwa kesho. Papa alipowahutubia wanaastronomia mjini Roma mwaka uliofuata, hakuyarudia madai yale.

Tarehe 20 Juni 1966 Lemaître alifariki. Siku chache kabla, msaidizi wake alikuwa amempelekea habari kwamba Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey, wamenasa mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga, joto lililobaki kutoka enzi ya mwanzo. Aliishi hadi akasikia kwamba alikuwa sahihi.

Miaka minne baadaye, kwenye jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Iliandika orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba huko kuna shimo jeusi, na kazi hiyo ilichangia Riccardo Giacconi kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Leo dakika ambayo mwezi mpya unapita kati ya dunia na jua inajulikana miaka mingi kabla. Waandishi wa Babeli wangeshangaa. Hata hivyo kila Shaaban inapofika siku ya 29, watu hutoka ufukweni na juu ya mapaa kutazama magharibi, na baadhi ya miaka Waislamu wa Afrika Mashariki huianza Ramadhani au Idi kwa siku tofauti. Wapo wanaofuata mwandamo ulioonekana nchini mwao tu, wapo wanaokubali ulioonekana popote duniani, na wapo wanaotaka hesabu ipewe nafasi kubwa zaidi. Wajuzi wa falaki katika pande zote wanakubaliana kuhusu mahali mwezi ulipo. Wanachojadili ni uzito wa ushahidi wa jicho la mwumini, nani ana mamlaka ya kuwatangazia watu, na kama watu wa Lamu na watu wa Madina ni umma mmoja jioni ile. Setilaiti haijatengenezwa ya kujibu maswali hayo, na hakuna hata mmoja kati ya wanaojadili aliyedhani itatengenezwa.